Jino la Mwizi Wangu

Watu wakiniuliza Ulaya ilinipokeaje, huwajibu kwamba ilinipokea kwa teke la uso. Wanacheka, wanadhani natia chumvi. Basi nawatolea kitambulisho changu cha chuo, kile cha mwaka wa kwanza, ambacho mpaka leo nakiweka kwenye pochi. Tazama mwenyewe. Jicho moja limefumba, mdomo wa chini umevimba kama nimeumwa na nyuki. Ndiyo picha yangu ya usajili. Nilikuwa nimekwenda kusomea kutengeneza meno ya bandia, na kabla hata sijaandikishwa nilikuwa nimeshamng'oa mtu jino la kweli.

Nianze na begi, maana bila begi hakuna maneno. Lilikuwa begi la mgongoni, la kijivu, zipu yake moja imekufa na mama ameishona kwa uzi mweusi. Mwenye begi alikuwa kaka yangu. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, zamu ya kukesha, na humo alibeba nguo zake za kazi na mkate wa moto wa kutuletea asubuhi. Mimi aliniita Pilipili, kwa sababu tangu utotoni sina breki. Mtu akinigusa mara moja, namgusa mara mbili. "Pilipili," alikuwa akiniambia, "dunia haipigiki yote, utachoka mikono." Yeye hakuwahi kumpiga mtu.

Alfajiri moja tanuri likaharibika, wakaruhusiwa kurudi mapema. Kaka akafika nyumbani akakuta geti limefungwa na ufunguo ameusahau. Hakutaka kutuamsha, na huo ungwana wake ndio uliomuua. Akarusha begi ndani, likaanguka puu, kisha akaanza kupanda ukuta. Siku zile wezi walikuwa wametuchosha mtaani kwetu, kila asubuhi mtu analilia sufuria au nguo za kwenye kamba. Mama akasikia kile kishindo, akachungulia dirishani, akaona mguu wa mwanamume unaning'inia juu ya ukuta wetu. Akapiga kelele ya mwizi. Mwanamke mjane, mwenye mtoto wa kike ndani, angefanya nini kingine?

Mtaa wetu ulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga. Ukisikia mwizi, unatoka na chochote ulichonacho mkononi. Wakatoka. Fundi baiskeli na spana, mwenye duka la kona na lile pao la chuma analofungia mlango, na wengine ambao sitawataja maana bado wanatusalimia. Wakamshika mguu kwa nje, wakamvuta chini. Kaka alisema ni mimi, ni mimi, lakini kila mwizi husema ni mimi. Mama alipofungua geti akaona unga wa ngano kwenye zile nywele. Akaingia katikati yao analia, ni mwanangu, jamani ni mwanangu. Watu walikuwa wengi na sauti yake ilikuwa moja. Walipokuja kumsikia, hapakuwa tena na mtu wa kuokoa.

Walewale ndio waliokuja msibani. Walileta viti, wakachota maji, wakabeba jeneza. Hakushtakiwa mtu, eti umati hauna jina. Na mama, ambaye ni fundi cherehani, akaendelea kuwashonea nguo, kwa sababu ndio wateja aliokuwa nao. Siku moja nilimkuta anampima mwenye duka, futi imezunguka shingo ya yule baba, na nikatamani mama aikaze. Aliandika kipimo cha kola, akamwambia arudi Ijumaa. Nilimchukia kwa siku kadhaa, kisha nikajiuliza bila hao tungekula nini.

Tangu alfajiri ile mama hakupaza sauti tena. Alikuwa akizungumza chini chini kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Kuniita kula aligonga mwiko kwenye sufuria. Mimi nami, pamoja na mdomo wangu huu, niliapa kwamba lile neno, mwizi, halitanitoka kinywani hata aniibie nani.

Basi ndiyo nikaenda masomoni. Nilikuwa nimefanya kazi kwa fundi meno pale mjini kwetu, nikichanganya plasta na kusafisha vikombe, na yule mzee akaona mikono yangu imetulia kuliko tabia yangu. Akanitafutia nafasi ya chuo huko Ulaya, ufadhili ukapatikana, lugha yao nikaisoma mwaka mzima. Siku ya safari mama alikuwa amenishonea begi jipya la kitambaa kizuri. Nikalikataa, nikachukua la kaka. Mama akalichukua lile kuukuu mikononi mwangu. Alilikung'uta tu vumbi na kunivisha begani.

Siku za mwanzo zilinitoa jasho kwenye baridi. Nilipewa chumba kwenye bweni, kitanda, meza, na mlango unaojifunga wenyewe, ukitoka bila ufunguo umekwisha. Kwenye korido nilimwamkia kila niliyekutana naye, maana ndivyo nilivyolelewa, na mmoja akageuka nyuma kuangalia nilikuwa nasema na nani. Kwenye kituo cha treni nilimsalimia baba mtu mzima, akasogea mbali na kushika mfuko wake. Nikasema haya, mimi ndiye mwizi sasa. Lakini kilichonitisha hasa kilikuwa ukimya. Jengo zima la watu na hakuna sauti hata ya mtu anayegombana na mumewe. Nililala usingizi wa sungura, nikisubiri kelele ambazo haziji.

Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi jioni siku ile ya teke. Hilo nililijua vizuri mno. Barua ya chuo ilisema asiyefika na pasipoti yake na karatasi halisi za ufadhili atapoteza nafasi, apewe mwingine. Vyote vilikuwa kwenye begi la kaka. Nikatoka asubuhi na mapema ili nisichelewe, kwa sababu nawajua watu wepesi wa kuchelewa na mimi ni mmoja wao. Nikakaa kwenye benchi nje ya kituo cha treni, begi mapajani, nikaiachia mikanda yake ili nivae glovu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kijana akapita. Jaketi jekundu, kofia imeshuka mpaka nyusini, umri wa kaka kabisa. Hakusimama hata kidogo. Mkono wake ulikuja, begi likaondoka, na mimi nimebaki na glovu moja.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua, hewa ikajaa kifuani, na neno likaja mpaka kwenye meno, kwa lugha yao, maana hata hilo nilikuwa nimefundishwa darasani. Mbele yangu kulikuwa na watu wengi wanasubiri treni, wanaume wa kutosha, wamevaa viatu vizito. Nikawaona wote. Nikafunga mdomo, nikamkimbiza.

Ajabu ya mbio zile ni kwamba hazikuwa na sauti. Yeye kimya, mimi kimya, tunapasua watu kama jamaa wawili wanaowahi treni moja. Mama mmoja hata alitupisha na kutabasamu. Tukavuka barabara, gari likafunga breki nusura linitie chini ya matairi. Alikuwa na mbio, siwezi kumnyima haki yake, lakini mimi nilikuwa na hasira, na hasira ni mguu wa tatu na wa nne. Akakata kona akaingia uchochoro wa nyuma ya maduka, palipo na mapipa ya taka na milango ya jikoni. Mbele kuna ukuta. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nikajua nimempata.

Hapo ndipo aliponifanyia jambo ambalo hadi leo sina hakika kama nimemsamehe. Alirusha begi juu ya ukuta. Nikasikia linaanguka upande wa pili, puu. Kisha akakanyaga pipa, akashika ukingo, akaanza kupanda, mguu mmoja unaning'inia.

Sijui kilichonipata. Nilikuwa nimemfuata mwizi na sasa nauona mguu wa kaka. Nikaushika. Nikaushika kwa mikono miwili kama mtu anayezama, na sikujua kama namvuta ashuke au namzuia asianguke. Yeye alijua moja tu, kwamba ameshikwa. Akanipiga teke la uso kwa kisigino. Mdomo ukapasuka, damu ikanijaa kinywani, jicho likaona nyota mchana kweupe. Sikuachia. Akanipiga la pili. Hapo kaka akaondoka kichwani, nikabaki mimi Pilipili, nikamtia meno kwenye shavu la mguu, juu ya suruali, mpaka nikasikia nyama.

Akashuka kama gunia. Pipa likapinduka, tukavingirishana kwenye maganda na maji machafu. Alinipiga ngumi ya mbavu, nami nikampa kiwiko cha shingo. Alinikamata nywele, nikamkamata masikio. Nilimpiga kwa yote niliyokuwa nayo, na niliyokuwa nayo hayakuwa yake. Mengine yalikuwa ya mwenye duka, mengine ya fundi baiskeli, mengine ya wale waliotuletea viti. Nikamsukuma kichwa, uso wake ukagonga ukingo wa lile pipa, na nikasikia kitu kikikatika. Akaacha kupigana. Akajikunja, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa.

Namna ile ya kujikunja naijua. Nikasimamisha mkono hewani.

Na hapohapo milango ikafunguka. Wapishi wawili wakatoka na aproni zao, kisha wapita njia wakaingia uchochoroni, na kutoka mlango wa duka akaja mwanamume mnene, mkononi ameshika chuma kirefu chenye ndoano, kile cha kuvutia shata, mlango wa bati wa duka. Alikuwa ametoka kazini hivyohivyo, ndicho alichokuwa nacho mkononi. Nikakiona kile chuma. Nikasema moyoni, wamekuja. Sikupiga kelele na bado wamekuja.

Nikamlalia yule kijana. Nilimfunika mwili mzima, kichwa chake chini ya kidevu changu, nikakumbatia kila nilichoweza kukumbatia. Lugha yao yote ikanitoroka, nikawa nalia kwa yetu. "Msimpige, jamani. Hakuna kilichoibiwa. Ni mtoto wa mtu, msimpige." Yeye chini yangu anajaribu kujinasua, na kadiri anavyojinasua ndivyo ninavyomkandamiza. Nikakaza mgongo kusubiri pigo la kwanza.

Pigo halikuja. Mtu alinong'ona, mwingine akatoa simu akaanza kutupiga picha. Yule mwenye chuma alikisimamisha ukutani taratibu, akavua koti lake na hakujua alifanyie nini. Hakuna aliyetaka kumpiga mtu. Walichokuwa wanakiona wao ni mwanamke mwenye damu mdomoni anamkaba kijana mwenye damu mdomoni.

Polisi walipofika walimkuta nani juu? Mimi. Basi nikang'olewa kama kupe. Nikalazwa kifudifudi, goti mgongoni, mikono nyuma, pingu. Shavu langu likawa limebanwa kwenye lami, na nikiwa hapo chini, mbele ya jicho langu zima, nikaliona jino. Lilikuwa la mbele, la juu, limetoka lote na mzizi wake, safi kama lile la kufundishia. Fundi wangu alinikaririsha kwamba jino likitoka zima lisikaushwe, lisisuguliwe, litiwe kwenye maziwa na likimbizwe kwa daktari, laweza kushika tena.

Lugha yao ikanirudia ghafla, kwanza neno moja tu. "Maziwa," nikasema. Askari akaniambia ninyamaze. "Maziwa. Leteni maziwa." Wakatazamana, wakadhani nimechanganyikiwa. Nikaonyesha kwa pua, maana mikono ilifungwa. Mpishi mmoja akainama, akaliona, akakimbia jikoni akarudi na kikombe. Nikamwelekeza alishike sehemu ya juu, asiguse mzizi. Kijana alikuwa amekaa chini anavuja damu, akatutazama, mimi na mpishi mwenye kikombe, kama anayetazama vichaa wawili. Wakampakia kwenye gari la wagonjwa pamoja na jino lake.

Juu ya mlango wa jikoni kulikuwa na kamera, na kilichonisaidia ni hiyo. Kwenye kituo cha polisi askari wa kike, mtu mzima, mwenye miwani kwenye kamba, alirudia kuitazama filamu ile. Begi langu lilikuwa mezani, limelowa, wamelitoa upande wa pili wa ukuta. Uzi wa mama haukuwa umekatika.

"Hapa unamkimbiza," akasema. "Naelewa. Hapa unapigana. Naelewa pia, ingawa siungi mkono. Pale kwenye treni palikuwa na watu wengi. Kwa nini hukupiga kelele?"

"Wangempiga."

"Nani?"

"Watu."

Akavua miwani. "Na hapa mwishoni, ulipomlalia. Tulidhani unamuua."

"Nilikuwa namfunika. Yule bwana alikuwa na chuma."

"Mwenye duka? Yule anaogopa hata panya." Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. "Dada, hapa hakuna mtu ambaye angempiga."

"Hata kwetu hakukuwa na mtu wa kupiga," nikamwambia. "Walikuwa majirani tu."

Akavaa miwani yake tena. Alitazama saa ya ukutani, kisha barua yangu ya chuo, ambayo alikuwa ameianika juu ya kipasha joto. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Akasema maelezo yangu mengine nitayatoa kesho, akachukua funguo za gari. Ndivyo nilivyofika chuoni siku ya kwanza, kwenye gari la polisi, glovu moja, nanuka taka. Karani alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akanitazama, akamtazama askari, akarudi kwenye kiti chake bila ubishi. Akaniambia nitazame kamera na nisicheke. Sikuwa na mdomo wa kuchekea.

Jioni nikampigia mama. Nilipanga kumficha, ila mama ni mama, alisikia mdomo uliovimba hata kabla sijamaliza salamu.

"Nani kakupiga?" akauliza, kwa ile sauti yake ya chini.

Nikamwambia. Nilitaka kufupisha, nikaruka ukuta, nikaruka mguu. Akanirudisha nyuma kama anavyorudisha mshono uliopinda.

"Begi alilifanyaje?"

"Alilirusha juu ya ukuta, mama."

Nilisikia cherehani ikisimama. Sikuwa nimejua kwamba muda wote alikuwa anashona.

"Naye akapanda."

"Akapanda. Nikamshika mguu."

"Ukaita watu?"

"Sikuita. Walikuja wenyewe. Nikamlalia."

"Wakampiga?"

"Hawakumpiga, mama. Nilimpiga mimi, tena vizuri. Jino lilimtoka, wameshalirudishia, askari amenipigia simu kuniambia limeshika."

"Kwa hiyo ni mzima."

"Ni mzima."

"Usiku huu analala kwao."

Kwa kweli nilijua analala mahabusu. Nikasema ndiyo.

Kisha mama akalia. Si kile kilio chake cha chini chini alichokilia miaka yote hii akidhani sisikii. Ilikuwa sauti nzima, ya tumboni, sauti ambayo nilikuwa nimesahau kwamba anayo. Iliniumiza sikio. Nikaitoa simu mbali na bado nilimsikia chumba kizima.

Na mtaa ukasikia. Nilisikia geti likigongwa, viatu uani, sauti ya fundi baiskeli, sauti ya mwenye duka, wanauliza kwa pamoja kuna nini, kuna nini, mwizi yuko wapi. Walikuwa wametoka mbio kama kawaida yao, na najua kila mmoja alikuwa na kitu mkononi. Nilisimama katikati ya kile chumba changu cha bweni, nimekamata simu kwa mikono miwili, siwezi kufanya lolote.

"Rudini nyumbani," mama akawaambia kwa sauti kubwa. "Hakuna mwizi. Ni mwanangu."

Safari hii walimsikia.